Kutoka hosteli ya probesheni: nani mwenye mamlaka ya kumwambia kijana "ondoka"?

Tuseme simu yako inalia saa mbili usiku. Ni kijana wako wa miaka 19, yule ambaye mahakama ilimpa kifungo cha nje na kuagiza akae kwenye hosteli ya probesheni. Anasema yuko stendi ya magari na begi lake. Amegombana na mwenzake bwenini, ameambiwa aende nyumbani, na sasa anaomba umtumie nauli.

Ungefanya nini? Wazazi wengi wangetuma nauli kwanza na kuuliza maswali baadaye. Mtoto ni wako, usiku umeingia, na mjini hana ndugu. Hakuna ubaya kumtoa mtoto barabarani. Lakini nauli hiyo, isipofuatwa na hatua nyingine, inaweza kumfikisha gerezani. Kwenye karatasi za mahakama kijana huyo bado ni mkazi wa hosteli. Akionekana kijijini wiki tatu baadaye, hakuna atakayeuliza nani alimwambia aondoke. Itasemwa ametoroka.

Makala hii inaeleza jinsi ukaaji katika hosteli ya probesheni unavyokwisha nchini Kenya, nani ana uwezo wa kuumaliza, na kwa nini familia, mwathiriwa na majirani wote wana jambo la kujua kabla kijana hajashuka kwenye matatu.

Hosteli hizi ni za nani

Probesheni si jambo jipya Kenya. Sheria yake ilitungwa mwaka 1943, wakati wa ukoloni, na huduma yenyewe ikaanza mwaka 1946. Leo inaitwa Sheria ya Probesheni ya Wahalifu, Sura ya 64. Inamruhusu hakimu, baada ya kuona kosa limethibitishwa, kuangalia umri wa mkosaji, tabia yake, afya yake, nyumba anayotoka na uzito wa kosa, kisha kuamua kwamba badala ya kumfunga atamwacha huru chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni. Uangalizi huo hauwezi kuwa chini ya miezi sita wala kuzidi miaka mitatu.

Wengi wanaopewa probesheni hulala nyumbani kwao na kwenda kuripoti kwa afisa. Lakini wapo vijana ambao nyumbani ndiko tatizo lilikoanzia. Mwingine alikuwa akiiba ili ale. Mwingine anatoka kwenye nyumba inayopika pombe haramu, na wateja wanaingia na kutoka usiku kucha. Mwingine kosa lake lilimgusa jirani wa karibu, na kumrudisha siku hiyo hiyo ni kuwasha moto. Kwa vijana kama hao, mahakama inaweza kuweka sharti la makazi: akae hosteli kwa muda fulani, afundishwe kazi ya mkono kama ushonaji, useremala au uashi, huku watu wa nyumbani wakitayarishwa.

Hosteli za probesheni nchini ni chache sana. Ziko Shanzu kule Mombasa, Kimumu karibu na Eldoret, Nakuru na Siaya. Ukilinganisha na idadi ya mahakama nchini, utaona mara moja kwamba kila kitanda kina thamani. Magereza ya Kenya kwa miaka mingi yamekuwa yakibeba watu wengi kuliko nafasi zilizopo, na kitanda kimoja cha hosteli kinaweza kuwa ndicho kinachomtenganisha kijana na mlango wa jela.

Tusichanganye hosteli na borstal. Taasisi za borstal, kama Shimo la Tewa na Shikusa, ziko chini ya Idara ya Magereza, zina ulinzi wa kigereza na zina sheria yake. Hosteli ya probesheni haina minara ya walinzi. Kijana anaweza kufungua geti na kwenda zake. Kinachomzuia ni neno alilompa hakimu.

Neno hilo ni zito. Kabla ya kutoa amri ya probesheni, sheria inamtaka hakimu amweleze mkosaji kwa lugha ya kawaida maana ya amri hiyo na kitakachomfika akiivunja. Kisha mkosaji lazima aonyeshe kwamba yuko tayari kuitii. Asipokubali, amri haitolewi. Kwa hiyo kijana aliye hosteli hakupelekwa kama mzigo. Alikubali mbele ya mahakama.

Kitanda na amri

Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa unapoanzia. Kijana aliye hosteli ana vitu viwili mkononi: ana kitanda, na ana amri. Kitanda kinasimamiwa na msimamizi wa hosteli. Amri ni ya mahakama.

Msimamizi ana kazi ya kuendesha nyumba. Anaweka saa ya kurudi jioni, anakataza pombe na bangi, anapanga zamu za usafi na upishi, anatoa au kukataa ruhusa ya kwenda mazishini. Anaweza kumwonya kijana, kumnyima ruhusa ya mwisho wa wiki, kumhamisha chumba. Hayo yote ni mambo ya kitanda.

Lakini sharti la kukaa hosteli halikuandikwa na msimamizi. Liliandikwa na hakimu. Aliyeandika ndiye anayeweza kufuta. Msimamizi akimwambia kijana "ondoka, usirudi", hajaifuta amri. Amemwacha kijana mahali pabaya: hana kitanda, na bado ana amri inayosema lazima awe na kitanda hicho. Kila siku anayolala kwingine ni siku ya kuvunja amri, hata kama kosa la kwanza halikuwa lake.

Vivyo hivyo upande wa familia. Baba akienda hosteli na kusema "nimemchukua mtoto wangu, mavuno yamefika", hajaifuta amri. Shangazi akimficha kijana nyumbani kwake kwa huruma, hajaifuta amri. Hata kijana mwenyewe akiamua kwamba amebadilika na hahitaji hosteli tena, hajaifuta amri. Wote hao wanaweza kwenda mahakamani kuomba ibadilishwe. Hakuna kati yao anayeweza kuibadilisha kwa miguu.

Njia nne za kutoka

Ukiondoa maneno ya kisheria, ukaaji wa hosteli unaweza kukoma kwa njia nne.

Ya kwanza ni muda kwisha. Amri inasema miezi kadhaa, miezi imetimia, kijana anatoka. Hii ndiyo njia ya kawaida na ndiyo inayotakiwa. Lakini angalia: muda wa hosteli na muda wa probesheni si kitu kimoja. Kijana anaweza kuwa amepewa probesheni ya miaka miwili, na katika hiyo akae hosteli mwaka mmoja tu. Siku anayotoka hosteli, bado ana mwaka mwingine wa kuripoti kwa afisa wa eneo lake. Familia nyingi husherehekea siku ya kutoka kama siku ya uhuru kamili. Kijana anaacha kuripoti, anaenda mjini kutafuta kibarua, na miezi mitano baadaye polisi wanamtafuta kwa waranti. Hakuiba tena, hakupigana tena. Alidhani saa mbili zilizokuwa zikienda ni saa moja.

Ya pili ni mahakama kubadili amri kabla ya muda. Afisa wa probesheni anaweza kuomba, na kijana mwenyewe pia anaweza kuomba. Sababu zinaweza kuwa nzuri: amehitimu mafunzo, fundi mmoja kijijini amekubali kumchukua, nyumbani kumetulia. Zinaweza pia kuwa za lazima: amepata ugonjwa ambao hosteli haiwezi kuuhudumia, au mjomba aliyekuwa akimlea ndugu zake wadogo amefariki. Mahakama inaweza kuondoa sharti la hosteli na kuacha probesheni iendelee nyumbani, au ikaona hakuna tena haja ya uangalizi na kuifuta amri yote.

Ya tatu ni kuvunja masharti. Kijana ametoroka, anarudi amelewa kila wiki, amekataa mafunzo, anatishia wenzake. Hapa afisa anapeleka taarifa mahakamani, na mahakama inatoa wito au waranti ili aletwe.

Ya nne ni kutenda kosa jipya wakati amri bado ina nguvu. Akikutwa na hatia kwa kosa hilo, anaweza kuadhibiwa kwa kosa jipya na pia kuhukumiwa kwa lile la zamani ambalo probesheni ilikuwa imelifunika. Mahakama ikishampa adhabu kwa kosa la zamani, amri ya probesheni inakoma, na kitanda cha hosteli kinakwenda nayo.

Ukizitazama njia hizi nne utaona kwamba tatu zinapita mahakamani. Ni moja tu, ya muda kutimia, inayojimaliza yenyewe. Hakuna njia ya tano inayoitwa "msimamizi kachoka" wala "mzazi kaamua".

Siku ya kurudi mbele ya hakimu

Kijana anayeshtakiwa kwa kuvunja masharti ana haki ya kujua anadaiwa kuvunja nini. "Utovu wa nidhamu" ni neno pana mno. Alichelewa siku gani? Nani alimkuta na pombe? Alionywa lini, na nani? Haki ya kusikilizwa kwa usawa iko kwenye kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010. Kifungu cha 47 nacho kinasema kwamba mtu ambaye haki yake huenda ikaathiriwa na hatua ya ofisi ya serikali anastahili kupewa sababu kwa maandishi. Hosteli ni ofisi ya serikali. Hatua yake ya kupendekeza kijana aondolewe ni hatua ya namna hiyo.

Mahakama ikiridhika kwamba masharti yamevunjwa, haina njia moja tu. Inaweza kumtoza faini na kuacha amri iendelee, maana yake kijana anarudi kwenye uangalizi akiwa ameonywa. Inaweza kubadili masharti. Au inaweza kumpa adhabu kwa kosa la awali, kana kwamba amepatikana na hatia siku hiyo. Hapa familia nyingi hushtuka. Kijana amekaa hosteli miezi minane, amefuata sheria miezi saba, akateleza mwezi wa nane, halafu anasikia kifungo kikitajwa kwa kosa ambalo wote walidhani limekwisha. Miezi ile ya hosteli haikuwa kifungo, kwa hiyo asitarajie ihesabiwe kana kwamba alikuwa jela. Anachoweza kufanya ni kumwomba hakimu aitazame kama ushahidi wa juhudi: cheti cha mafunzo, barua ya mwalimu wa ufundi, daftari la kuripoti lenye sahihi. Ndiyo maana karatasi hizo zinafaa kutunzwa kama hati ya shamba.

Asiporidhika na uamuzi wa mahakama ya hakimu, kwa kawaida ana siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Siku 14 ni chache kwa mtu anayeishi mbali na mji wenye Mahakama Kuu. Simu ya kwanza ipigwe siku ile ile, si baada ya mkutano wa ukoo. Asiye na pesa ya wakili anaweza kuuliza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016.

Mbona msimamizi asiachiwe aamue?

Kuna hoja upande wa pili, nayo si ya kupuuzwa. Msimamizi wa hosteli analala na vijana thelathini au zaidi chini ya paa moja. Mmoja akileta kisu bwenini, je, wengine wasubiri tarehe ya mahakama? Mahakama zina mrundiko wa kesi. Anayesema kila kitu kipite kwa hakimu huenda hajawahi kukesha na kundi la vijana wenye hasira.

Hoja hii ina jibu, na jibu liko kwenye tofauti ya kitanda na amri. Hatari ya usiku huu inashughulikiwa usiku huu. Kama ni kosa la jinai, polisi wanaitwa. Kama ni ugomvi, vijana wanatenganishwa, na afisa anaarifiwa asubuhi. Hakuna sheria inayomtaka msimamizi akae na kisu. Kinachokatazwa na mantiki ya sheria ni jambo tofauti: kumtoa kijana getini, kufunga geti, na kuacha karatasi zije kumkamata baadaye.

Nchi nyingine zimechagua njia tofauti, na inafaa tuitazame kwa sababu sheria yetu ina mizizi ya Kiingereza. Uingereza na Wales kuna takriban nyumba 100 za aina hii zinazosimamiwa chini ya huduma ya probesheni. Zamani zilikuwa nyumba za vijana waliotoka mahakamani, na sheria ya huko ya mwaka 1948 ilisema kwamba mahakama ikimwagiza mtu akae kwenye taasisi, muda huo usizidi miezi 12 tangu tarehe ya amri. Siku hizi nyumba hizo hupokea zaidi watu waliotoka gerezani kwa masharti, wengi wao wakiwa wa makosa mazito. Mtu wa namna hiyo akifukuzwa au akitoroka, serikali inaweza kumrudisha gerezani kwanza. Sababu anaelezwa akiwa tayari ndani, anaruhusiwa kuandika utetezi wake, na bodi ya parole inaweza kulitazama jambo lake.

Yaani kule, kwa watu hao, ni jela kwanza na maelezo baadaye. Kwa kijana wetu wa probesheni, sheria imepanga kinyume: maelezo kwanza mbele ya hakimu, na jela ikibidi ndiyo ifuate. Tofauti hiyo ina sababu. Yule wa Uingereza ana hukumu ya kifungo ambayo alikuwa akiimalizia nje. Huyu wetu hajawahi kuhukumiwa kifungo kwa kosa hilo. Kumfunga bila kumsikiliza ni kumpa adhabu ambayo hakuna hakimu aliyeitamka. Ndiyo maana kufukuzwa kimya kimya ni hatari: kunageuza utaratibu wa kusikilizwa kwanza kuwa utaratibu wa kukamatwa kwanza, bila mtu yeyote kukaa chini na kuamua iwe hivyo.

Na wanaokaa kupita muda

Tatizo lina upande wake wa nyuma ambao husikiki sana. Muda umetimia, lakini kijana hana pa kwenda. Mama alihama, nyumba ilianguka, baba wa kambo ametuma ujumbe kwamba asikanyage. Msimamizi mwenye huruma anamwacha aendelee kulala hosteli. Je, kuna ubaya?

Huruma si ubaya. Lakini ukaaji ambao hauko kwenye amri hauna mwenye kuusimamia. Kijana huyo akivunja sheria ya nyumba, amevunja amri ipi? Akitaka kuondoka, nani anaweza kumzuia, na kwa karatasi gani? Na kwa kuwa vitanda ni vichache, kila anayekaa kupita muda ni mwenzake mmoja aliyebaki rumande akisubiri nafasi, au aliyefungwa kwa sababu ripoti ilisema hosteli imejaa.

Njia sahihi ni afisa kuanza kazi ya kutoka mapema, si wiki ya mwisho. Amtembelee mzazi, azungumze na chifu, aulize kama kuna fundi, shamba, dada aliyeolewa mji wa jirani. Akiona hakuna, arudi mahakamani kabla muda haujaisha na aeleze, ili kama ni kuongeza muda, uongezwe na mwenye mamlaka, na kijana mwenyewe asikilizwe kama alivyosikilizwa siku ya kwanza. Kuingia hosteli kunatanguliwa na ripoti ndefu: afisa anauliza nyumbani, shuleni, kwa naibu wa chifu, kwa aliyekosewa. Kutoka nako kunastahili ripoti ya uzito ule ule. Kijana anayerudi pale pale, kwa umaskini ule ule na marafiki wale wale, amepewa hosteli kama mapumziko tu.

Kijiji kinachompokea

Kuna mtu mwingine katika hadithi hii ambaye mara nyingi anasahauliwa. Ni yule aliyeibiwa ng'ombe, aliyevunjiwa kibanda cha duka, aliyepigwa. Anaamka asubuhi moja na kumkuta kijana akichota maji kwenye kisima kile kile. Hakuna aliyemwambia. Anadhani ametoroka, au amehonga. Hasira inapanda, na katika sehemu nyingine hasira ya namna hiyo huishia kwa petroli na matairi.

Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya mwaka 2014 inatambua kwamba aliyekosewa si mtazamaji tu. Ana heshima yake na ana haki ya kusikilizwa. Afisa wa probesheni anapotayarisha kutoka kwa kijana, kumtembelea mwathiriwa si fadhila. Akielezwa mapema kwamba kijana anatoka mwezi ujao, kwamba bado yuko chini ya uangalizi, na kwamba kuna namba ya kupiga akitishwa, anaweza kukubali bila kupenda. Akishtukizwa, hata mtu mpole anaweza kukataa.

Chifu naye na wazee wa nyumba kumi wana nafasi yao. Mara nyingi ndio wanaojua kama ugomvi umepoa au umefunikwa majivu tu. Lakini tuseme wazi: kazi yao ni kutoa taarifa na kusuluhisha. Baraza la kijiji haliwezi kuamua kwamba kijana asirudi kamwe kwenye nyumba ya mama yake, wala haliwezi kumrudisha hosteli. Likiwa na hofu ya kweli, lipeleke hofu hiyo kwa afisa, na afisa aifikishe mahakamani.

Simu ya saa mbili usiku

Turudi kwa kijana aliye stendi. Nauli mtumie, au mwombe ndugu aliye karibu amlaze. Usalama wa mtoto unakuja kwanza. Lakini usiku huo huo mwulize maswali matatu: nani alikuambia uondoke, kwa maneno gani, na je, ulipewa karatasi yoyote? Yaandike pamoja na saa. Kama alikuja na ujumbe kwenye simu, usiufute.

Kesho yake asubuhi asilale. Aende na mzazi kwenye ofisi ya probesheni iliyo karibu, hata kama si ile aliyoandikishwa. Ofisi hizi ziko karibu na mahakama nyingi nchini. Aseme: nina amri ya mahakama, nimeambiwa nitoke hosteli, nimekuja kujisalimisha ili niambiwe nikae wapi. Aombe jambo hilo liandikwe kwenye daftari lao na apewe nakala au angalau jina la afisa aliyempokea. Mtu aliyejipeleka mwenyewe asubuhi ya kwanza ni vigumu kumwita mtoro. Mtu aliyekutwa shambani kwa babu yake baada ya mwezi mzima ni rahisi sana.

Aombe pia kupelekwa mbele ya mahakama iliyotoa amri, ili hakimu aseme neno: arudi hosteli, akae nyumbani chini ya uangalizi, au vinginevyo. Asipopata sababu za kuondolewa kwake kwa maandishi, familia inaweza kulalamika kwa ofisi ya Ombudsman, ambayo kazi yake ni kusikiliza malalamiko dhidi ya watumishi wa umma.

Na kwa familia ambazo simu hiyo bado haijalia: tafuteni leo nakala ya amri ya mahakama. Isomeni pamoja, au mwombeni mtu awasomee. Tafuteni tarehe mbili, ya mwisho wa hosteli na ya mwisho wa probesheni, mziandike ukutani kwa mkaa ikibidi. Mwulizeni afisa miezi mitatu kabla: mmejiandaa vipi kumtoa? Swali hilo halina gharama. Likiulizwa na mzazi aliyeketi ofisini na kofia mkononi, afisa mwenye mafaili mia moja mezani atalitafuta lile moja.

Kwa serikali nako kuna kazi. Sheria ya 1943 ni fupi, na inaeleza vizuri zaidi jinsi mtu anavyoingia kwenye probesheni kuliko jinsi anavyotoka hosteli. Kanuni moja ya wazi ingesaidia wasimamizi na vijana sawasawa: hakuna anayetolewa hosteli kabla ya muda bila afisa wake kuarifiwa siku hiyo hiyo, bila sababu kuandikwa, na bila mahakama kupewa faili ndani ya siku chache. Kanuni hiyo isingehitaji jengo jipya wala gari jipya. Ingehitaji fomu ya ukurasa mmoja, na mtu wa kuijaza kabla ya kufungua geti.

Kijana aliyekubali mbele ya hakimu kukaa hosteli alitoa neno lake kwa mahakama. Siku neno hilo linapofika mwisho, kwa heri au kwa shari, ni haki yake kuambiwa na mahakama hiyo hiyo.